Ndoto Niliyoisema Kanisani

Bariadi, Jumapili mchana

Sayi mwanangu,

Umeondoka hapa na pikipiki saa saba kwenda Migato kumuaga baba yako mkubwa, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Kwa hiyo nina kama saa nne. Nimefunga mlango wa mbele ili majirani wasije kunipongeza tena, nimekaa kwenye meza uliyokuwa unafanyia hesabu zako za shule, na kalamu ninayotumia ni yako. Nitairudisha.

Habari za mashuka, dawa ya tumbo na kutokula ovyo njiani sitaandika. Tumeyasema wiki nzima mpaka ukanitania kwamba nakupeleka jeshini. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Dodoma kuanza chuo cha Biblia, na kuna jambo moja unalopaswa kulijua kabla hujapanda. Nimelianza mara tatu kwa maneno ya kuzungukazunguka na mara tatu nimechana karatasi. Sasa naliandika lilivyo.

Ile ndoto sikuiota.

Nasema ile ya ng'ombe weupe, ile ambayo kanisa zima linaijua, ile niliyoisimulia tena leo asubuhi wewe ukiwa umepiga magoti mbele na mikono ya wazee kichwani mwako. Sikuiota miaka sita iliyopita wala siku nyingine yoyote. Usiku ule ambao nimekuwa nikisema Mungu alinionyesha kwamba utakuwa mtumishi wake, nililala fofofo mpaka jogoo akawika, na sikuona kitu.

Najua umesimama kusoma. Kaa chini, uendelee, maana yaliyobaki ni mabaya kuliko hayo.

Ulikuwa darasa la saba. Baba yako alikuwa amefariki miezi minne kabla, na wewe ukaanza kuanguka. Mara ya kwanza ulianguka bombani ukiwa na ndoo, mara ya pili shuleni mstarini. Baba yako mkubwa akaja kutoka Migato na wazee wawili, wakakaa pale nje, akasema babu yako amemjia ndotoni. Unajua babu yako alikuwa mfumu, mganga wa watu, na unajua kwetu ndoto ya namna hiyo haijadiliwi. Marehemu akija akaonyesha mtoto kwa kidole, ukoo unakaa, mbuzi anatafutwa, mtoto anavalishwa bangili ya babu ili arithi uganga, basi. Hakuna anayemuuliza mwotaji alikula nini usiku huo.

"Mama Sayi," akaniambia, "mzee amekuja na bangili mkononi. Anamwita huyu kijana kwa jina. Masamva, mizimu ya ukoo, wamemtaka."

"Shemeji," nikamjibu, "hao wa kale wakimtaka mwanangu waje wanidai mimi niliyemzaa. Nipo sokoni nauza samaki kila siku."

Nilimjibu vibaya mbele ya wazee, na wakaondoka bila kunywa chai. Mimi nikakupeleka hospitali, wakasema damu imepungua na una minyoo, ukapewa dawa. Baada ya wiki tatu ulikuwa unakimbizana na wenzako kama kawaida.

Sasa hadithi unayoijua wewe na kanisa zima inaendelea hivi: nilifunga, nikaomba, Mungu akanipa ndoto kubwa kuliko ya ukoo, nikaitangaza kanisani, ukoo ukanyamaza. Ni hadithi nzuri. Hata mchungaji ameihubiri mara mbili. Mimi mwenyewe nikijitetea kwa Mungu nilikuwa nasema, Bwana, nilidanganya, lakini nilikuwa namlinda mwanangu, na ndoto haiwezi kushindwa ila kwa ndoto nyingine. Ungekuwa huo ndio ukweli, labda ningekuwa nalala.

Lakini Ijumaa kabla ya Jumapili niliyoitangaza, baba yako mkubwa alikuja tena. Alikuja peke yake, kwa baiskeli, akanikuta sokoni nakwangua magamba. Nikamsogezea kigoda akakataa kukaa.

"Mwadila, mayu," akanisalimia. "Nimesikia mtoto amepona kwa dawa za hospitali."

"Amepona."

Akawaangalia samaki. Kisha akasema, "Nimekaa nikafikiri. Ile ndoto, sijui kama ni mzee aliyekuja au ni msiba tu. Nilikuwa nimemlilia ndugu yangu wiki nzima. Siwezi kumfunga mtoto wa watu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui. Tumeliacha."

"Wabeja, shemeji," nikamwambia, na nilishukuru kweli. Nikamfungia sato wawili ampelekee mkewe. Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Umeelewa, Sayi? Ijumaa jioni hatari ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na bangili, hapakuwa na mbuzi, hakuna aliyekuwa anakudai. Jumapili nikasimama kanisani nikasema nimeota.

Nimejiuliza kwa nini, na majibu nimekuwa nayo mengi, moja la kila msimu. Hili ndilo lililobaki baada ya kuyaondoa mengine yote. Jumapili ile mtoto wa Mama Ester alikuwa amerudi kutoka chuoni, mwinjilisti mpya, na alihubiri. Alipomaliza mchungaji akamwita mama yake mbele, akasema tumuombee mama wa mtumishi. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamfunika kwa khanga. Mimi nilikuwa benchi la nyuma karibu na mlango, nilikohamia tangu baba yako afariki. Hakuna aliyenihamisha. Ila nikikaa katikati, watu walikuwa wanasogea kidogo, kwa adabu tu, kwa sababu ya harufu ya samaki ambayo sabuni haiitoi. Miezi hiyo yote nilikuwa mtu wa kupewa pole na kupitwa. Nilimtazama Mama Ester chini ya zile khanga nikaona wivu, mwanangu. Mchungaji akauliza kama kuna mwingine mwenye ushuhuda. Nikainuka.

Nilisema Bwana asifiwe, na hapo bado sikujua nitasema nini. Kilichonitoka kinywani kilikuwa ndoto ya baba yako mkubwa niliyoigeuza. Pale alipomweka babu mimi nikaweka sauti, pale penye bangili nikaweka ng'ombe weupe wanaokufuata wewe, mmoja mmoja, mpaka wanageuka kuwa watu. Yeye aliitupa ndoto yake Ijumaa kwa sababu hakuwa na hakika nayo. Mimi niliiokota nikaivaa Jumapili, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba si yangu.

Watu wote waligeuka kunitazama. Mama Ester mwenyewe alikuja akanikumbatia, na khanga zile zile zikawa juu yangu. Nilifurahi, Sayi. Sitaongeza uongo hapa kwa kusema nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya baadaye sana, siku ile nilifurahi mpaka nikalia, na watu wakadhani ni Roho.

Ndoto ikaanza kukua. Kila nilipoombwa kuisimulia niliongeza kidogo, mara mto, mara fimbo mkononi mwako, na hakuna aliyeona tofauti. Mwaka uliofuata wakanichagua mwenyekiti wa akina mama. Nikarudi benchi la mbele, na harufu ya samaki haikumsumbua mtu tena.

Wewe nilikuona pia. Usifikiri sikuona. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, ukaanza kutembea taratibu, kama mtu anayejua anatazamwa. Ukigombana na wenzako kwenye mpira wanakuambia, wewe si ndiye mtumishi, na wewe unaachia mpira. Uliacha kushinda zizini kwa Mzee Maduhu kwa sababu watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanakusubiri uwafundishe nyimbo. Nilikuwa nasema moyoni, tazama, neno linatimia. Halikuwa linatimia. Ni wewe uliyekuwa unajikunja ili uenee ndani ya uongo wangu.

Na baba yako mkubwa. Miaka sita hukukanyaga Migato. Kwenye harusi ya binti yake, iliyofanyika hapa Bariadi, ulikataa kula chakula cha kwake, na nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba wale ni watu wa giza. Na yeye alisikia, alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa mikono. Aliniangalia mimi, hakukuangalia wewe. Neno langu moja tu lingetosha, kwamba huyu mzee ndiye aliyekuachia. Nikainama nikatafuta kiatu ambacho hakikuwa kimepotea. Yeye hajawahi kujitetea mpaka leo, ingawa katika watu wote ni yeye peke yake anayeijua ile Ijumaa.

Unajua kazi yangu. Samaki wa jana wakibaki, nawaweka chini ya beseni na wa leo nawapanga juu, na mteja anabonyeza wa juu anaridhika. Nilimpangia Mungu hivyo hivyo. Juu niliweka kukulinda wewe, sababu safi kabisa, inang'aa. Chini yake nikaficha wivu, na chini ya wivu upweke wa mwanamke aliyefiwa. Lakini yeye hakuanzia juu. Nadhani hakuwahi hata kuwagusa wale wa juu.

Nitakuambia inavyokuwa, maana mahubirini hatusemi. Kwenye maombi ya Alhamisi nikiomba mimi watu wanatoa machozi. Nikiwa peke yangu nyumbani, nikipiga magoti, naanza pambio haraka kabla hakujawa kimya. Ulikuwa unasema mama anapenda kuimba asubuhi. Nilikuwa naogopa. Ukinyamaza mbele za Mungu huna la kumweleza ambalo hajalijua, na mimi nilikuwa na moja ambalo sikutaka tukae nalo wawili.

Kwa muda nilingoja adhabu. Nilidhani utaugua tena, au biashara itaanguka, au nitaumbuka mbele ya watu. Hakuna kilichotokea. Ulikua, ukapendeza, biashara ikaenda. Nikaanza kujiambia kwamba labda Mungu amekubali, labda ameichukua ile ndoto yangu ya kutunga akaifanya yake. Hapo ndipo nilipokosea kuliko mwanzo, Sayi. Kama kuna kitu kimoja ninachotaka ukibebe kutoka kwangu, kwenda chuo chochote, ni hiki: akinyamaza usihesabu kwamba amekubaliana na wewe. Alikuwa ananisubiri tu. Angeniumbua mwaka ule ule ningepumzika mapema.

Alhamisi iliyopita ulinifuata jikoni. Ulisimama mlangoni kama mtu mwenye jambo zito, ukaniuliza, "Mama, katika ile ndoto, mimi mwenyewe nilikuwaje? Nilikuwa na furaha?"

Niligeuza samaki kwenye karai. Mafuta yalikuwa yanaruka. Nilijua unauliza nini. Mtu mwenye hakika na wito wake hamuulizi mama yake kama alikuwa na furaha ndotoni.

"Ulikuwa na furaha sana," nikakuambia. "Ulikuwa umevaa shati jeupe."

Ukasema ahsante. Jumamosi ukaenda mitumbani ukarudi na shati jeupe, ukalifua mwenyewe, ukalipiga pasi. Jioni ile ile nilikuwa napanga vitu vyako kwenye sanduku, na chini kabisa, ndani ya daftari la baiolojia, nikakuta barua ya kukubaliwa chuo cha mifugo. Imekunjwa mara nne. Ina jina lako. Mwisho wa kuripoti ni Ijumaa hii inayokuja.

Hukuniambia kwamba uliomba, wala kwamba ulipata. Nilikaa nayo kitandani nikakumbuka ile siku ng'ombe wa Mzee Maduhu alipokwama kuzaa, ukaingiza mkono mpaka begani, ukamgeuza ndama taratibu huku unamsemesha mama yake kwa Kisukuma. Ulitoka pale umejaa damu na kinyesi, unacheka peke yako. Sijawahi kukuona unacheka hivyo ukitoka kanisani. Niliirudisha barua kwenye daftari, daftari kwenye sanduku, na juu yake nikapanga shuka zako. Nilidhani nitakuambia usiku huo. Sikukuambia.

Leo asubuhi mchungaji akasema, Mama Sayi aje atusimulie kwa mara ya mwisho kabla kijana hajaondoka. Nilitembea kutoka benchini nikiwa nimeamua kusema ukweli. Naapa nilikuwa nimeamua. Nikakuona umepiga magoti na lile shati, nikaona wanawake wangu wameshika khanga tayari, nikasema Bwana asifiwe, na ndoto ikatoka yote. Na shati jeupe nikaliongeza. Ukainua uso ukanitazama, na ulionekana umepata nafuu.

Hiyo nafuu ndiyo iliyonikalisha hapa mezani. Ningependa kuishia hapo, ionekane ni upendo umenikalisha. Lakini kuna jingine. Ulipotoka kanisani ulisema unakwenda Migato kumuaga baba yako mkubwa, kwa sababu hutaki kuanza utumishi una kinyongo na mtu. Nikaona pikipiki inaondoka. Wewe na yeye mtakaa, mtaongea, na anaweza kukuambia kuhusu ile Ijumaa. Je, ningeandika barua hii kama usingekwenda Migato? Ninataka kusema ndiyo. Nimemuuliza Mungu, bila kuimba safari hii, na sikupata ujasiri wa kusema ndiyo. Kwa hiyo ichukue barua hii ikiwa hivyo, imeandikwa na mama anayekupenda na pia anayeogopa kuwahiwa. Vyote viwili ni mimi.

Sasa sikiliza kuhusu kesho. Sijui kama Mungu amekuita au hajakuita. Inawezekana amekuita kweli, nyuma ya mgongo wangu, kwa namna yake. Inawezekana anakutaka zizini, na ile furaha ya siku ya ndama ndiyo sauti yake kwako. Mimi sistahili tena kukuambia lolote juu ya hilo, na yeyote atakayekuambia kwa hakika kubwa, mchunguze. Tiketi ya Dodoma ipo kwenye kabati. Barua ya chuo cha mifugo nimeitoa chini ya shuka, nimeikunjua, nimeiweka kando ya tiketi. Ukichukua hiyo, ukichukua ile, au ukizirudisha zote mbili ukalala wiki nzima, mlango huu ni wako.

Nikishakupa barua hii nitakwenda kwa mchungaji, leo leo, kabla ya maombi ya jioni. Siendi kwa niaba yako. Uende Dodoma usiende, nitamwambia, na nitaomba nafasi ya kusimama mbele ya watu Jumapili ijayo. Uenyekiti nitauacha. Najua watakavyosema sokoni, na baadhi yao watakuwa wanasema kweli. Kisha nitapanda gari kwenda Migato nikamuombe msamaha shemeji yangu, nyumbani kwake, mbele ya mkewe.

Nimemaliza, ila bado neno moja. Utakaporudi nitakupa karatasi hizi mkononi na nitakaa hapa hapa mpaka usome. Sitaingia jikoni kujifanya nachochea moto. Nakujua wewe, huwezi kuona mtu mzima analia, na utataka kusema upesi kwamba yameisha, mama. Usiseme kama hayajaisha. Kama una hasira niletee hasira, nitaipokea. Usinisamehe kwa kunionea huruma, maana hilo nalo Mungu atalijua, na utaanza kubeba la kwako kama mimi nilivyobeba la kwangu.

Baadaye toka nje, kaa peke yako, umwambie Mungu unachokitaka wewe. Yeye anakijua tayari. Ni mimi niliyekuzaa ambaye kwa miaka yote hii sijawahi hata siku moja kukuuliza.

Mama yako